Lubna na Mafuta ya Kadani ya Kushoto

Lubna binti Amissi alikuwa mshonaji. Kibarazani kwao Buyenzi, mtaa wa Bujumbura, aliweka cherehani ya kukanyaga, na Idi ilipokaribia, wanawake wa avenyu nzima walimletea vitenge na kugombana nani ashonewe kwanza. Nyuma ya nyumba, katika ua uliozungushiwa mabati, mumewe Yahaya alikuwa na garaji. Mke na nyuzi zake mbele, mume na spana zake nyuma, binti yao Houda akipita katikati kwenda shule na kurudi. Vita vilipoingia mjini mwaka wa tisini na tatu, waliendelea hivyo hivyo. Usiku tulisikia milio ya bunduki kutoka mitaa ya juu, asubuhi Lubna akafungua mlango na kuketi kwenye cherehani.

Mwaka wa tisini na sita Yahaya aliitwa Kajaga, kule ufukweni, akatengeneze pikapu ya mfanyabiashara wa samaki. Wakati wa kurudi, basi alilopanda lilimiminiwa risasi kutoka vichakani. Mpaka leo hatujui ni akina nani waliopiga. Watu wengine walibaki palepale barabarani. Yahaya alitoka na risasi iliyopita kwenye kiwiko cha kulia. Madaktari waliuokoa mkono, ila vidole havikufumba tena. Akishika spana, inaanguka. Akiiokota, inaanguka tena. Mwishowe akaacha kuziokota.

Huseni, fundi aliyefanya naye kazi miaka mingi, alivumilia kwa muda, kisha akafungua garaji yake barabara ya pili, wateja wakamfuata. Hakuwa mtu mbaya. Naye alikuwa na watoto wa kulisha. Lakini ua wa Yahaya ukanyamaza. Alikitoa kiti kwenye gari bovu, akakiweka chini ya ukuta, akawa anakaa hapo kutwa. Na cherehani nayo ilikuwa imepoa, maana nchi jirani zilikuwa zimetufungia mipaka. Vitenge haviingii, petroli ya kuokoteza, kipuri cha gari ukikiona unashangaa kimepita wapi.

Asubuhi moja Lubna alivaa suruali ya kazi ya mumewe, akaikunja miguuni, akafunga kilemba vizuri, akatoka uani.

"Mama Houda, unafanya nini?" Yahaya akamwuliza.

"Mi nataka unifundishe."

"Nikufundishe nini?"

"Hii kazi yako."

Yahaya alicheka. Alipoona mwenzake hacheki, akakasirika. "Mi sikukuoa ulale chini ya magari ya batu. Watasema nini? Watasema Yahaya alikufa, akabaki anapumua tu."

"Waache waseme. We iko na kichwa, mi niko na mikono. Hicho kichwa chako kinakaa kwenye kiti kutwa nzima, nimechoka kukitazama."

Kesho yake Lubna akavaa suruali ileile, akatandika boksi la karatasi chini ya gari bovu, akalala chali, akaanza kufungua boliti asiyoijua ni ya nini. Yahaya alistahimili kidogo, kisha akashindwa.

"Apana hiyo! Ukifungua hiyo, mafuta yote inakumwagikia usoni!"

Ilikuwa imechelewa. Mafuta yalimmwagikia usoni. Lubna akatoka chini, mweusi kuanzia kilemba mpaka kidevu, akayapangusa macho kwa kiwiko, akasema, "Sasa niambie ni mafuta gani."

Hapo ndipo alipoanza. Alijifunza mafuta kabla ya kujifunza vyuma, kwa sababu Yahaya alimwambia kwamba gari haliwezi kusema linaumwa wapi, linatoa jasho tu. Alimfanya afumbe macho na kusugua kwa vidole. Ya breki ni mepesi, yanakausha ngozi. Ya injini ni meusi, yananuka moshi. Ya giaboksi, ambayo kwetu tunaiita bwati, ni mazito na yana harufu kali inayokaa kwenye nguo hata uzifue. Na grisi ya viungo vya kadani, ule mtaimbo unaotoka kwenye bwati kwenda kuzungusha gurudumu, ni nyeusi, nzito, inanata, na haidondoki, inarushwa. Ukikuta madoa yake yamechora mstari ndani ya gurudumu, jua mpira unaofunika kiungo umepasuka. Mpira huo wenye mikunjo mafundi wanauita sufle, na Lubna aliupenda mara moja, kwa sababu ulikuwa na marinda kama ya gauni la harusi. Alijua marinda hupasukia wapi. Huwa yanapasukia ndani ya mkunjo, mahali ambapo jicho halifiki, kwa hiyo alizoea kuyafungua moja moja kwa kidole kabla ya kusema neno.

Watu walikuja kuchungulia juu ya mabati. Wengine walicheka, wengine wakamhurumia Yahaya kwa sauti makusudi asikie. Lubna alianza na baiskeli, kisha pikipiki, kisha teksi za vijana wasio na mahali pengine pa kwenda. Alikuwa anakosea, anafungua tena, anafunga tena. Mabega yalimuuma hata akawa analala ubavu mmoja. Lakini kila asubuhi boksi lilikuwa limetandikwa.

Mwaka wa tisini na nane, mkunga mmoja jina lake Marguerite aliingia uani na gari dogo la Kifaransa, kuukuu, rangi ya maziwa. Marguerite alikuwa mwanamke mnene wa makamo, Mkatoliki, mkazi wa Mutanga Nord, na kila siku alivuka mji mzima kwenda kuzalisha kwenye zahanati moja ndogo Kanyosha. Wenzake wengi walikuwa wameacha kwenda kule, kwa sababu milima ya juu yake haikutulia. Yeye alikuwa hajaacha.

"Ni wewe mama fundi?" akauliza.

"Ni mimi, dada. Karibu."

"Gari yangu inavuja ku gurudumu ya kushoto. Huseni alibadilisha sufle, akajaza grisi. Ikavuja. Akabadilisha tena, ikavuja tena. Sasa anasema kadani yote imekufa, nitafute ingine, na ingine haipo Bujumbura nzima." Akavuta pumzi. "Dada yangu, ile njia ya Kanyosha, mutu akikwama pale saa kumi na moja, hakuna wa kumsukuma. Na wale wamama kule wananingojea. Mi siwezi kuwaambia wangoje vita iishe ndiyo bazae."

Lubna akalala chini. Upande ule wote ulikuwa umelowa: kiungo cha nje kwenye gurudumu, mtaimbo wenyewe, kiungo cha ndani, mpaka ubavu wa bwati. Grisi nyeusi ya Huseni ilikuwa imechanganyika na kitu chepesi kuliko yenyewe, vyote vimeshikana na vumbi vikawa ugali. Akachovya kidole, akamnyooshea mumewe kitini.

Yahaya akanusa. "Bwati," akasema papo hapo. "Hiyo ni spi, mpira wa kuzuia mafuta pale kadani inapoingilia bwati. Imechoka. Tushushe bwati."

Kushusha bwati ilikuwa kazi ya siku nyingi, na spi hiyo nayo ingetafutwa wapi? Lubna akaendelea kutazama. "Baba Houda, mi siamini bado. Kila fasi imelowa, huku na kule. Fasi yote ikilowa, hujui imeanzia wapi."

"Pua yangu haijapigwa risasi," akajibu Yahaya.

"Pua inakuambia mafuta ni ya nani. Haikuambii ametokea mlango gani."

Yahaya akageuza uso ukutani. Marguerite akajifanya anatafuta kitu kwenye mkoba.

Lubna akachukua petroli kidogo waliyokuwa nayo, brashi na vitambaa vya mabaki ya kushonea, akasafisha upande ule wote mpaka chuma kikaonekana rangi yake. Akafungua marinda ya sufle ya nje, moja moja: nzima kabisa. Ya ndani, karibu na bwati: nayo nzima, haina ufa. Akaacha jua likaushe. Kisha akaingia jikoni, akarudi na bakuli la unga wa muhogo, akaupuliza na kuupaka kila mahali, kwenye kadani, kwenye sufle zote mbili, kwenye uso wa bwati, mpaka pakawa peupe kama mtu aliyetoka kinuni.

"Ule ni wa chakula cha mchana," Yahaya akasema.

"Leo tutakula viazi." Akamgeukia Marguerite. "Dada, washa gari. Tuzunguke kidogo tu, tusiende mbali. Tukirudi, unga itatuonyesha."

Lubna hakujua kuendesha, kwa hiyo Marguerite alishika usukani, yeye akakaa kando. Walikwenda polepole hadi barabara ya lami, wakakata kushoto, wakakata kulia, gurudumu likipinda mpaka mwisho ili kiungo kifanye kazi. Walipotaka kurudi, wakakuta kizuizi cha askari ambacho asubuhi hakikuwepo. Kijana mmoja mwenye bunduki akawaamuru wafungue boneti. Alipoinama akarudi nyuma haraka.

"Nini hii nyeupe?"

"Unga," Lubna akasema.

"Unga ya nini? Nani anaweka unga mu gari?" Sauti yake ilipanda, na wenzake wawili wakasogea. Siku zile askari mwenye hofu alikuwa wa kuogopwa kuliko askari mwenye hasira. Marguerite alikuwa ameshika usukani kwa mikono yote miwili, midomo inasali.

Lubna alishuka taratibu, mikono ikionekana. Akapitisha kidole kwenye ule weupe, akakitia mdomoni, akameza. "Muhogo, kaka yangu. Mi ni fundi. Gari inavuja na hatujui fasi inavuja. Unga ikilowa, nitajua. Madamu huyu ni mkunga, anazalisha bamama Kanyosha. Ndiyo tunatafuta gari isimwache njiani."

Askari alimwangalia suruali, kilemba, kucha nyeusi. "We? Fundi?"

"Mi."

Kijana akainama tena, safari hii kwa udadisi. Akanyoosha mtutu wa bunduki yake ndani ya boneti, Marguerite akafumba macho. "Pale imelowa," akasema. "Pale, kwenye shingo ya ule mupira."

Lubna akainama kando yake, akasahau bunduki. Kweli. Sufle ya nje ilikuwa nyeupe, kavu. Mtaimbo mweupe, ila matone machache yaliyoanza kutambaa kuelekea gurudumuni. Uso wa bwati mweupe. Lakini kwenye shingo ya sufle ya ndani, pale mpira unaposhika mtaimbo, unga ulikuwa umegeuka rangi ya asali, na duara lake lilikuwa linaendelea kupanuka. Mafuta yalikuwa yanatokea hapo, kisha upepo na mzunguko vinayasukuma mpaka gurudumuni, ndiyo maana Huseni aliyakuta kule na kudhani kule ndiko kwao.

"Asante, kaka," Lubna akasema, akimaanisha.

"Nendeni," askari akasema. "Na ile unga mufute, mwingine atawapiga."

Uani, Yahaya aliinama akaangalia. "Haiwezekani," akasema. "Mafuta ya bwati yatafikaje ndani ya sufle? Kiungo kinakaa na grisi yake. Magari yote niliyofungua maisha yangu, kiungo kinakaa na grisi yake."

"Ulifungua ya Kijapani."

"Hata kama."

"Basi tufungue tuone. Kama ni wewe uko sawa, tutashusha bwati, na mi sitasema kitu. Lakini tufungue kwanza hapa."

Akamwaga mafuta ya bwati kwenye karai. Hayakuwa mengi; gari lingekwenda hivyo siku chache zaidi, bwati ingesagika. Akaondoa gurudumu, akafungua boliti zinazoshikilia sufle kwenye bwati, akavuta kadani. Ndani ya sufle hapakuwa na grisi hata chembe. Palikuwa na mafuta ya bwati, safi, na kile kiungo chenye vigurudumu vitatu kilikuwa kinaogelea humo. Lubna akachovya na ndani ya sufle ya nje, akasimama, kidole cha mkono mmoja kimejaa grisi nyeusi ya kiungo cha nje, cha mkono mwingine kinachuruzika mafuta ya njano ya kiungo cha ndani. Akavinyoosha vyote viwili mbele ya mumewe.

Yahaya akanusa kimoja, akanusa kingine. Akaelewa. Waliotengeneza gari hili walikuwa wameamua upande wa kushoto kiungo kinywe mafuta ya bwati, na sufle ndiyo mlango wake. Katika shingo ya sufle ile kulikuwa na rulema, yaani beringi ndogo, inayouacha mtaimbo uzunguke huku mpira umetulia. Rulema ilikuwa imelika. Lubna aliizungusha, ikakwaruza na kucheza. Sufle nzima, kiungo kizima, kadani nzima. Kilichokufa ni kitu kinachoingia kiganjani.

"Pua yako haikudanganya," Lubna akasema. "Ilikuwa bwati kweli."

"Na mlango ulikuwa wako," Yahaya akasema. Hayo yalikuwa maneno yake ya kwanza ya ufundi aliyomwambia kama fundi mwenzake, na Lubna aliingia ndani kidogo akijifanya anatafuta kitambaa.

Kwenye kadani wakaacha alama kwa chaki ya kushonea, wapate kujua rulema mpya irudi hadi wapi. Kung'oa ile ya zamani kulihitaji mikono mitatu. Lubna alikuwa na miwili. Akajaribu kubana kadani kwa magoti, ikateleza. Akajaribu tena, ikamkwangua ugoko mpaka damu ikatoka. Alipoinua macho, Yahaya alikuwa ameondoka kitini. Alipiga goti chini, akaikumbatia kadani kifuani kwa ule mkono usiofumba, akaibana, na kwa mkono wa kushoto akashika nyundo.

"Shikilia kipande cha bomba ku rulema. Mi nitapiga. Nikisema wacha, wacha."

Tangu alipoacha kuokota spana hakuwa amegusa chuma. Walipiga hivyo, mtu na mkewe, vichwa vikikaribia kugongana, mpaka rulema ikatoka.

Kipuri chenyewe hakikuwepo. Lubna alizunguka maduka ya vipuri mjini, kila mwenye duka akatikisa kichwa. Wa mwisho alimwambia angoje mipaka ifunguliwe. Lubna hakungoja. Alikwenda soko la Ruvumera, kwa mzee Gélase, ambaye kazi yake ilikuwa kutengeneza mashine za kusaga nafaka na ambaye hajawahi kutupa chuma. Akamwekea rulema mezani.

"Hii ni ya gari," Gélase akasema. "Mi sina vitu vya gari."

"Baba, duara ni duara. Kama tundu ni sawa na unene ni sawa, yenyewe haijui kama inakaa mu gari ao mu mashine."

Gélase akacheka, akamwagia mbele yake ndoo nzima ya rulema kuukuu. Lubna akaketi chini sokoni, akaanza. Moja tundu kubwa, nyingine nene, nyingine sawasawa lakini inakwaruza kama ile mbovu. Watu wakampita, wakamruka, mchuuzi wa ndagala, dagaa wa ziwani, akamwomba ahame, akahama na ndoo yake. Jua lilikuwa limeshageuka alipopata moja iliyotoka kwenye mota ya mashine iliyoungua, imefunikwa mpira pande zote mbili, inazunguka kimya. Akaiweka juu ya mwenzake. Zikalingana. Alibaki ameishika tu, mpaka Gélase akamwuliza kama anaumwa.

Walipolifunga gari na kulijaza mafuta, Lubna akapaka unga tena na kumwambia Marguerite, "Kesho nakwenda na wewe Kanyosha."

Yahaya akaruka. "Apana! We si askari. Umetengeneza, basi. Yeye ataenda, atarudi, atatuambia."

"Njia ya hapa ni lami. Njia ya kule ni mashimo. Kama itaachia, itaachia kule. Nikae hapa nakunywa chai, yeye amekwama na gari niliyofunga kwa mikono yangu?"

"Kwa mikono yetu," Yahaya akasema. Kisha akaongeza, "Beba kriki ya kuinulia gari. Na chupa ya mafuta. Bismillahi."

Walikwenda asubuhi, njia ya chini inayofuata ziwa, kisha wakapanda kwenye udongo. Gari lilizama na kupanda mashimoni, na kila lilipogonga Lubna alihisi kama limegonga mbavu zake. Zahanatini alilala chini hapohapo. Unga ulikuwa umechanganyika na vumbi, lakini shingo ya sufle ilikuwa kavu. Akaigusa kwa kidole ili ahakikishe, kisha akaigusa tena.

"Kavu," akasema peke yake, chini ya gari.

Hawakupata muda wa kufurahi. Ndani kulikuwa na msichana jina lake Joëlla, mimba yake ya kwanza, ameletwa na mama yake kutoka mlimani alfajiri. Mtoto alikuwa ametanguliza mkono. Marguerite alimpima, akatoka nje akinawa, uso umebadilika. "Huyu ni wa kupasuliwa. Hapa siwezi." Wakati anasema hivyo, milio ilianza juu ya milima, kwanza mmoja mmoja, kisha mfululizo. Watu waliokuwa kwenye foleni ya zahanati wakatawanyika. Mlinzi akafunga geti.

"Ikifika mchana watafunga njia," Marguerite akasema. Akamtazama Lubna. "Gari itafika hospitali ya mjini?"

Lubna angeweza kusema inshallah na kuishia hapo. Alisema inshallah, kisha akasema, "Itafika. Pinda kidogo kidogo, usipinde kwa nguvu. Mashimo mi nitakuambia."

Walimlaza Joëlla kiti cha nyuma, kichwa mapajani kwa mama yake. Lubna akakaa mbele, kioo kimeshushwa, kichwa nje, akisikiliza gurudumu la kushoto na kusoma njia. "Kulia. Kulia kidogo. Sasa polepole. Ongeza." Nyuma Joëlla alikuwa hapigi kelele tena, na hilo lilimtisha Marguerite kuliko milio. Kwenye mteremko wa mto, lori lilikuwa limeachwa katikati ya njia, milango wazi, dereva hayupo. Nafasi iliyobaki ilikuwa ya ubavu mmoja, upande wa mtaro.

"Haitapita," Marguerite akasema, akasimamisha.

Lubna akashuka. Akapima kwa mikono, alivyokuwa akipima kiuno cha mteja. "Itapita. Kunja vioo vya pembeni. Gurudumu ya kushoto itaingia mu mtaro, iache iingie. Usiachie pedali ya mafuta." Akatembea kinyumenyume mbele ya gari, akiongoza kwa viganja, huku milio ikirudi kwa mwangwi kutoka upande wa ziwa. Gurudumu la kushoto likaingia mtaroni, kadani ikapinda mpaka mwisho wake, likanguruma, likakwaruza bodi ya lori, likapita. Lubna akarukia ndani likiwa linatembea.

Hospitali waliingia mchana. Joëlla alipelekwa moja kwa moja chumba cha upasuaji. Lubna alibaki nje kwenye ngazi, suruali imejaa unga na udongo, akiwa na hakika kwamba watu wanaopita wanamwona kichaa. Jioni inakaribia, Marguerite alitoka. Mtoto alikuwa wa kike, mkono ule umevimba lakini unachezacheza. Joëlla mwenyewe alikuwa hai. Marguerite aliketi ngazini kando ya Lubna, akavua viatu, na wanawake hao wawili wakalia pamoja, mpaka mlinzi akawakumbusha kwamba saa ya amri ya kutotembea usiku inakaribia.

Yahaya alikuwa amesimama barabarani tangu adhuhuri. Alipoliona gari, hakumwuliza mkewe hali. Aliinama kwanza akachungulia chini, upande wa kushoto, kisha akanyoosha mgongo, akamshika Lubna kichwani, juu ya kilemba, kwa ule mkono usiofumba.

"Umechafuka," akasema.

"Nipikie chai," Lubna akasema. Na kweli siku hiyo Yahaya alipika chai.

Habari ilienea, si kwa sababu Lubna aliisema, bali kwa sababu Marguerite hakunyamaza. Wauguzi wenzake wakaanza kuleta magari yao, kisha madereva wa mashirika, kisha teksi. Huseni aliudhika. Karibu mwaka mzima alikuwa akipita bila kusalimia. Siku moja ya Ijumaa, wakitoka msikitini, alimwuliza Yahaya ni kweli kiungo cha ndani kilikuwa hakina grisi. Yahaya akamwelekeza kwa mkewe. Huseni akaja mpaka getini, akauliza, akajibiwa, akashukuru. Urafiki wa zamani haukurudi, lakini salamu zilirudi.

Yahaya alifariki mwaka wa elfu mbili na nne, kwa figo, kitandani kwake, vita vikiwa vinaelekea kwisha. Miaka ile ya mwisho walifanya kazi pamoja uani, yeye akipiga kwa mkono wa kushoto, wakibishana kila siku. Lubna alikaa eda yake yote bila kutoka. Ilipokwisha, wengi tulidhani atauza vyombo na kurudi kwenye cherehani. Houda mwenyewe alimsihi hivyo, akimwambia mabega yake hayawezi tena.

Lubna aliajiri fundi wa kuchimba, akachimbisha shimo la kufanyia kazi katikati ya ua, lenye kuta za matofali na ngazi, ili asilale chali tena. Saruji ilipokauka, aliteremka ngazi, akajaribu kimo chake, akaona tumbo la gari litamfikia mikononi bila kujinyoosha. Akaita kutoka shimoni waliokuwa wakisubiri nje, "Leteni gari ya kwanza."